Taimingi ya Valvu katika Pikipiki za Zamani: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Mtu anayepeleka pikipiki ya zamani kwa fundi hapa Tabora, iwe ni Honda CG125 aliyorithi kwa mzazi wake au, kwa nadra, BSA ya enzi za Mwingereza iliyolala bandani miaka mingi, huambiwa mapema kwamba “taimingi imeruka”. Kauli hiyo hutumika kwa injini isiyowaka, inayopiga risasi kwenye ekzosi, inayokosa nguvu na hata inayokunywa mafuta kupita kiasi. Neno hilo moja limebeba mambo mawili, na dhana potofu nyingi huanzia hapo.

Wengi huamini kwamba taimingi ni taimingi, na kwamba anayesogeza sahani ya pointi, yaani bamba linalobeba swichi ya cheche, ameshairekebisha. Ukweli ni kwamba taimingi ya moto ni wakati plagi inapotoa cheche, ilhali taimingi ya valvu ni uhusiano kati ya mzunguko wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na mzunguko wa kamshafti (shafti inayosukuma valvu, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi), yaani pistoni inakuwa wapi valvu zinapofunguka na kufunga. Ya kwanza husogezwa kidogo kidogo. Ya pili, katika pikipiki nyingi za zamani, imefungwa na meno ya gia au ya spoketi, na haisogei mpaka mtu afungue injini na kubadilisha jino, au mpaka sehemu fulani ichakae au ikatike. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa ikitembea vizuri jana, ambayo hakuna aliyeifungua, ina sababu chache sana za kuwa na taimingi mbaya ya valvu leo asubuhi.

“Pistoni ikiwa juu, funga kamshafti.” Maelekezo haya ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowachanganya wanafunzi wa ufundi. Katika injini ya mipigo minne krenki huzunguka mara mbili, digrii 720, kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti, na kwa sababu hiyo gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya yale ya krenki. Pistoni hufika kileleni mara mbili katika safari hiyo: mara moja mwisho wa kubana, valvu zote zikiwa zimefungwa, na mara ya pili mwisho wa kutoa moshi, wakati valvu ya moshi inamalizia kufunga na ile ya kuingiza inaanza kufunguka. Anayeona valvu zote mbili zimefunguka kidogo hudhani amekosea. Hajakosea, kwani watengenezaji wamekusudia zipishane hivyo. Kosa huja pale anapopima mwanya wa tapeti (nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma) katika kilele hicho, ambapo kipimo chochote atakachopata hakina maana.

Lipo na jambo ambalo hata mafundi wazoefu hubishana. Husemwa kwamba kamshafti inaweza kufungwa “mzunguko mzima nje”. Si kweli, kwani krenki yenyewe haijui kama inabana au inatoa moshi. Kamshafti ndiyo inayoamua, na alama za gia zikilingana krenki ikiwa kileleni, kilele hicho kinakuwa kile ambacho kamshafti imekitaka. Kinachoweza kuwa nje mzunguko mzima ni moto, tena katika injini ambazo magineto yake (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) huzunguka nusu ya kasi ya krenki, kama BSA M20, pikipiki ya valvu za pembeni yenye ujazo wa sentimita 496 iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Magineto hiyo hutoa cheche moja kwa kila mizunguko miwili, na ikifungwa kwa kilele kisicho chake, cheche hupigwa wakati moshi unatoka. CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, hupokea ishara ya moto kwenye flaiwili na hutoa cheche kila krenki inapozunguka, hivyo kosa hilo haliwezekani kwake.

Dhana inayoheshimiwa kuliko zote ni kwamba alama za gia zikikutana, kazi imekwisha. Alama ni dai la kiwanda kuhusu gia zilizotoka pamoja, katika injini ambayo kabari zake (vipande vya chuma vinavyoishika gia isizunguke kwenye shafti) bado ni nzima. Pikipiki iliyopita mikononi mwa watu wanne huenda ina gia ya kamshafti iliyotolewa kwenye injini nyingine, au kabari ya krenki imekatika nusu na gia ikahama bila kelele. Kinyume chake, alama kutokutana si lazima iwe kosa. Katika injini za silinda mbili za Triumph kuna gia ya kati yenye meno 47, na kwa kuwa idadi hiyo haigawanyiki, alama zake zote hukutana tena baada ya krenki kuzunguka mara 94. Nimewahi kuona fundi akibomoa kazi aliyoifanya sawasawa kwa sababu alizungusha injini mara mbili kuhakiki, alama zikawa zimeachana. Jioni aliikabidhi ikiwa imekosewa jino moja.

Hakiki isiyotegemea alama ni valvu zenyewe. Peleka pistoni kwenye kilele cha mwisho wa kutoa moshi, kisha angalia roka, mikono inayobonyeza valvu, zikipokezana. Katika injini nyingi za zamani, valvu ya moshi na ile ya kuingiza huwa zimenyanyuka kidogo hapo, kwa kiasi kinachokaribiana. Moja ikiwa wazi sana na nyingine imefungwa kabisa, kuna jino limeruka, hata kama alama zinatazamana vizuri.

Swali linalofuata ni jinsi ya kukijua kilele. Desturi ya wengi ni kutia bisibisi au njiti ya spoki kwenye tundu la plagi na kusubiri isimame. Tatizo ni kwamba karibu na kilele pistoni karibu haisogei. Katika CG125, ambayo mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, krenki ikiwa digrii 5 kabla au baada ya kilele, pistoni imeshuka takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na hakuna mkono unaoweza kuhisi hilo. Njia sahihi ni kutumia kizuizi: plagi ya zamani iliyotolewa kauri na kutiwa bolti yenye ncha ya duara, ili pistoni igote kabla ya kufika juu. Funga sahani ya digrii kwenye krenki, zungusha taratibu kwa mkono mpaka pistoni igote, soma. Zungusha upande wa pili mpaka igote tena, soma. Kilele kipo katikati kabisa ya alama hizo mbili. Sahani hiyo haihitaji kuagizwa Dar es Salaam, kwani kipimapembe cha shule kilichokuzwa na kubandikwa kwenye bati kinatosha. Baada ya kuondoa kizuizi, unaposoma valvu zinapofunguka na kufunga, zungusha injini upande inaokwenda ikiwaka, ili ulegevu wa gia au cheni ukae upande mmoja wakati wote.

“Jino moja si kitu,” husema wengine, na wapo wanaolirusha makusudi wakitafuta nguvu ya kupanda vilima vya Kigoma na mzigo. Hesabu inawakatalia. Gia ya kamshafti ikiwa na meno 40, jino moja ni digrii 9 za kamshafti, ambazo ni digrii 18 za krenki. Ni kweli kwamba kuwahisha kamshafti kidogo husogeza nguvu kuelekea mzunguko wa chini, lakini kidogo hicho ni digrii chache tu, na jino zima halina udogo wowote. Katika injini za cheni, uchakavu wa cheni huchelewesha kamshafti wenyewe bila kuombwa.

Si kweli pia kwamba kukosea taimingi lazima kupinde valvu. Katika M20 valvu zipo pembeni ya silinda na pistoni haizifikii kamwe. Katika injini za valvu za juu inategemea nafasi iliyoachwa, na kwa kuwa huwezi kuiona, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kupiga kiki, ikigota, usilazimishe.

Kuhusu tapeti, wateja hupenda injini ya kimya, na mafundi huwapa. CG125 hutaka mwanya wa milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Ukikazwa chini ya hapo valvu huwahi kufunguka na kuchelewa kufunga, kwa hiyo taimingi imebadilika bila gia kuguswa. Ukiisha kabisa, valvu ya moshi hushindwa kukaa kwenye siti yake, mahali ambapo ndipo inapopozea joto, na huungua.

Husikika vilevile kwamba Tabora, iliyo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, inahitaji taimingi ya peke yake. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na hilo ni suala la kabureta. Kamshafti haina habari na mwinuko.

Mwisho ni wale wanaoleta Suzuki AX100 wakiomba ipimwe valvu. Hiyo ni injini ya mipigo miwili: hewa na moshi hupita kwenye matundu ya silinda yanayofunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe, na hakuna kamshafti wala tapeti ndani yake. Atakayekulipisha kwa kuiseti valvu, mwombe akuonyeshe alikoifungua.