Ugatuzi wa chekechea: mwalimu wa nasari ameajiriwa na nani?

Ingia shule ya msingi ya serikali nchini Kenya saa tatu asubuhi. Darasa hili mwalimu wa Gredi ya 1 anasomesha silabi ubaoni. Darasa lile, hatua chache tu, mwalimu wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, ameketi mkekani na watoto wa miaka mitano wanaohesabu vifuniko vya soda. Kengele yao ni moja na geti ni moja. Mwajiri ndiye si mmoja. Wa Gredi ya 1 analipwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, naye wa PP2 analipwa na kaunti. Mpaka huo usioonekana kwa macho ndio ugatuzi wa elimu ya chekechea, na anayetaka kufanya kazi na watoto wadogo aujue mapema, la sivyo atazunguka na faili yake akibisha milango isiyo yake.

Ugatuzi ni kuyatoa mamlaka na pesa kutoka Nairobi na kuvikabidhi vyombo vilivyo karibu na mwananchi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti 47 kazi ya elimu ya kabla ya shule ya msingi, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi, za upili na vyuo vikuu zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Sera ikabaki huko pia, na mtaala unaandaliwa na taasisi ya kitaifa, KICD. Kwa hivyo mtoto wa PP1 wa Turkana na wa Lamu wanafuata mtaala mmoja, lakini darasa, mwalimu na mshahara wake ni jukumu la gavana wa kwao.

Kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, mwalimu wa nasari alikuwa mali ya wazazi. Elimu ya msingi bila malipo iliyoanza 2003 haikufika chekechea, kwa hivyo mshahara wake ulitoka katika karo ya watoto, na mavuno yakiwa mabaya naye alikosa. Wengi waliisomea kazi wakiwa kazini, wakienda mafunzoni likizo za Aprili, Agosti na Desemba katika vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE, vilivyoanzishwa 1985. Pwani kulikuwa na njia nyingine: Mombasa, miaka ya themanini, Wakfu wa Aga Khan ulishirikiana na jamii za Waislamu kuanzisha nasari zilizounganisha mafunzo ya dini na kujifunza kwa michezo, na mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Nayataja haya kwa sababu kazi hii ilijengwa na akina mama waliofundisha miaka mingi bila kujua mwajiri ni nani. Heshima yao haijalipwa bado.

Sasa mwajiri ana jina, nalo ni Bodi ya Huduma kwa Umma ya kaunti. TSC inakusajili na kukupa nambari, lakini kwa chekechea ya umma haikupi kazi. Watu huchanganya hapo. Usajili ni kibali cha kuwa mwalimu, kazi ni jambo jingine. Mwenye stashahada ya ualimu wa chekechea aanze na nambari ya TSC, kisha afuatilie matangazo ya bodi ya kaunti, si ya TSC.

Watu wakisikia chekechea hufikiria mwalimu peke yake, ilhali juu yake kuna ngazi nzima. Yupo msimamizi wa kituo, yupo afisa wa wadi au wa kaunti ndogo anayetembelea madarasa, kuna mkurugenzi katika makao makuu ya kaunti, na juu kabisa waziri wa elimu wa kaunti. Kazi ya afisa wa nyanjani ndiyo ningeisifu zaidi, maana wachache huiwazia. Anafika kituoni bila taarifa, anachungulia choo kama shimo lake ni dogo la kumfaa mtoto wa miaka minne, anahesabu viti, kisha anakaa nyuma ya darasa. Ninayemfahamu mimi ana desturi ya kumwomba mtoto mmoja ampe vifuniko saba. Mtoto akiimba moja hadi kumi vizuri halafu akamjazia viganja vyote viwili, afisa anajua hapo kuna wimbo wa namba, hesabu bado. Jioni atakaa na mwalimu waonyeshane namna ya kugawa vifuniko kimoja kimoja. Mtu wa kufanya hivyo lazima awe amefundisha mwenyewe.

Pembeni ya ngazi hiyo kuna kazi nyingine, na nyingi hazihitaji cheti cha ualimu. Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 unawapa watoto wa chekechea na wa shule za msingi za umma chakula cha mchana, mzazi akichangia shilingi tano, na majiko yale makubwa yanataka wapishi, madereva na watunza stoo. Madarasa nayo yanajengwa kwa bajeti ya kaunti, kwa hivyo kuna wahandisi na mafundi. Kwa upande wa serikali ya kitaifa kuna wanaowapima watoto wenye ulemavu ili wapate mahali panapowafaa kusomea, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, inaandaa walimu wa elimu maalum.

Jambo linaloniuma ni kandarasi. Mwalimu wa TSC wa masharti ya kudumu anajua pensheni yake, na anaweza kuhamishwa kutoka Kwale hadi Kakamega mwajiri akiwa yule yule. Mwalimu wa kaunti mwajiri wake anaishia mpakani. Akiolewa kaunti nyingine, kuhama kunategemea kaunti zote mbili kukubaliana, au aombe kazi upya. Na wengi wako kwa kandarasi ya miaka michache. Rafiki yangu anayefundisha PP1 (kaunti siitaji) huacha kununua hata mabati ya jikoni mwaka wa mwisho wa kandarasi unapoingia. Watoto wanamwita Mwalimu na wazazi wanamwamini, lakini yeye hajui kama Januari atakuwepo. Kwa hivyo tangazo likitoka, kabla ya kuangalia mshahara tafuta maneno haya: kudumu na pensheni, au kandarasi?

Kuna dalili za kutazama hata kabla ya tangazo. Kila kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Ni waraka wa umma. Ukiona humo madarasa mapya ya chekechea bila neno lolote kuhusu walimu, huenda madarasa yakakamilika yakae na kufuli. Nenda kwenye kikao cha maoni ya umma, uliza walimu watatoka wapi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka nafasi zitangazwe, na inataka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Wengi hawaombi nje ya kwao wakidhani mlango umefungwa. Haujafungwa. Weka tayari nambari ya TSC, vyeti vya masomo, kitambulisho na cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, DCI, kwa sababu muda wa kuomba huwa mfupi.