Mbambakofi: Mti wa Miombo kwa Lupango la Lubumbashi

Anayetaka mti wa kivuli na mbao huenda akafikiria mwaloni, tunaoujua kwa jina kutoka katika Biblia, lakini huo ni mti wa nchi nyingine, na hatuna haja ya kuutafuta mbali wakati miombo, yaani misitu ya asili ya Katanga, ina mti wake wenye mbao ngumu, kivuli kipana na uwezo wa kuvumilia ukame: mbambakofi, ambao wataalamu huuita Afzelia quanzensis. Watu wengi wameushika mikononi bila kuujua, kwa sababu mbegu zake nyeusi, zilizovaa kikofia chekundu, hutungwa kuwa shanga.

Kwetu mvua hukoma karibu na Aprili, na ardhi nyekundu hukauka mpaka Oktoba. Mbambakofi hustahimili miezi hiyo kwa mzizi mkuu unaoshuka chini mapema sana, wakati shina bado ni fupi, na ndiyo sababu mche uliochelewa katika kifuko kifupi cha plastiki, mzizi wake ukajikunja, huwa umeharibika hata kama majani yake yanapendeza. Mimi hupendelea mbegu ipandwe moja kwa moja mahali mti utakapoishi, mvua zikishatulia mwezi wa Novemba. Ondoa kile kikofia, kwaruza kidogo ganda kwa tupa, loweka mbegu usiku kucha, kisha uifukie kwa kina cha sentimita 3 hivi. Chagua mahali palipo mbali na kuta na nyaya za umeme, walau mita 10, maana mti huu huwa mkubwa.

Kuna jambo moja ambalo wapandaji wengi hulisahau, nami naliona kuwa kubwa kuliko mbolea. Mizizi ya mbambakofi, kama ile ya miti mingi ya miombo, huishi kwa ushirika na kuvu wa ardhini, ambao huipatia maji na madini na kupokea sukari kutoka kwake. Uyoga mwingi tunaonunua sokoni wakati wa mvua ni zao la ushirika wa namna hiyo. Udongo wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, uliolimwa mahindi miaka mingi unaweza kuwa umewapoteza kuvu hao. Kwa hiyo chukua ndoo moja ya udongo wa juu chini ya mti mzima wa miombo, uuchanganye na ule wa mahali unapopanda mbegu.

Katika viangazi viwili vya mwanzo, mwagilia maji mengi mara moja kwa juma, kuliko kidogo kila siku, ili mzizi uendelee kuyafuata chini. Zuia mbuzi na moto. Miche ya miombo mara nyingi hukauka shina wakati wa kiangazi huku mzizi ukiwa hai, kisha huchipua upya; mche unaoonekana kufa mwezi wa Agosti using'olewe kabla mvua hazijanyesha vya kutosha.