Maridhiano na wenyeji wa asili katika chuo kikuu: maana yake nini?

Ukihudhuria mahafali, mhadhara wa wazi au hata kikao kifupi cha wafanyakazi katika chuo kikuu cha Kanada, mara nyingi utamsikia mtu akianza kwa kuitaja jamii yenye ardhi mliyokalia. Kwenye kampasi ya Vancouver ya Chuo Kikuu cha British Columbia, jamii hiyo ni Musqueam, na msemaji huongeza kwamba ardhi yao haijawahi kuuzwa wala kutolewa kwa mkataba wowote. Kisha shughuli zinaendelea. Mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Bukavu juzi anaweza kudhani ni dua ya kufungulia kikao. Ni sehemu ndogo, na iliyo rahisi kuliko zote, ya kile kinachoitwa huko maridhiano na wenyeji wa asili.

Kwetu maridhiano yanaleta picha ya mahasimu wa kisiasa waliopeana mikono: Amani Karume na Maalim Seif kule Zanzibar mwaka 2009, au Uhuru Kenyatta na Raila Odinga mbele ya Harambee House mwaka 2018. Picha hiyo iweke kando. Kanada hakukuwa na pande mbili zilizopigana zikachoka. Kulikuwa na dola iliyotwaa ardhi, kisha ikatwaa watoto. Kwa zaidi ya karne moja, watoto zaidi ya 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, makundi matatu ya wenyeji wa asili wa Kanada, walipelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kwa sehemu kubwa kuendeshwa na makanisa. Huko waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao, na maelfu hawakurudi nyumbani. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Jaji Murray Sinclair, ilimaliza kazi mwaka 2015 ikayaita yaliyotendeka mauaji ya kimbari ya kitamaduni, na ikaorodhesha mambo 94 ya kutekelezwa. Mengine yanavigusa vyuo waziwazi: wanaosomea sheria, udaktari na uuguzi wafundishwe historia hii, na vyuo vianzishe shahada na stashahada za lugha za wenyeji.

Kwa nini chuo kibebe mzigo wa shule za bweni? Kwa sababu mikono yake haikuwa safi. Sheria ya mwaka 1876 iliyotawala maisha ya Mataifa ya Kwanza ilisema kwamba mwenyeji akipata shahada ya chuo kikuu, hadhi yake ya kisheria kama mwenyeji inaondoka papo hapo. Kipengele hicho kililegezwa miaka michache baadaye, lakini fikra iliyokuwa nyuma yake ilikuwa wazi: usomi na uenyeji havikai katika mtu mmoja.

Upande wa utafiti nao una yake. Katika miaka ya 1980, watu wa jamii ya Nuu-chah-nulth, kwenye kisiwa cha Vancouver, walimpa damu mtafiti wa chuo hichohicho cha British Columbia, aliyetaka kujua kwa nini baridi yabisi inawasumbua sana. Jibu hakulipata. Alipohama kwenda kufundisha Marekani na baadaye Uingereza, alihama na chupa za damu, zikatumika kuchunguza asili ya vizazi vyao, jambo ambalo hawakuwahi kuulizwa. Damu ilirudishwa mwaka 2004. Mkasa wa namna hii unaeleza kwa nini leo jamii nyingi humwambia mtafiti: kabla hujaja na dodoso, tukubaliane nani anamiliki majibu.

Basi maridhiano ya chuo ni chuo kukiri sehemu yake katika hayo, kisha kutoa kitu: nafasi, fedha, ardhi, au mamlaka ya kuamua. Kukiri peke yake kunaweza kuwa kuzito. Mwaka 2017, kwenye kampasi ileile ya Vancouver, ilisimamishwa nguzo ya mwerezi mwekundu iliyochongwa na James Hart, msanii wa taifa la Haida. Katikati yake kuna nyumba ya shule na watoto, na mwili wake umepigiliwa maelfu ya misumari ya shaba kwa ajili ya watoto waliofia shuleni. Misumari hiyo ilipigiliwa na watu walionusurika, jamaa zao na wanafunzi. Mwaka uliofuata mkuu wa chuo aliomba radhi hadharani.

Lakini nguzo haimlipii mtu ada. Ndiyo maana mimi hutazama zaidi mambo yasiyopigwa picha. Chuo hicho kimekuwa kikifundisha lugha ya Musqueam kwa ushirikiano na jamii yenyewe tangu 1997, miaka mingi kabla ya ripoti ya Tume. Mwaka 2016, vyuo vikuu vya Winnipeg na Lakehead vilianza kumtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome walau kozi moja kuhusu wenyeji, hata anayesomea uhasibu. Chuo Kikuu cha Waterloo kimejengwa ndani ya eneo la Mto Grand ambalo Waingereza waliwaahidi Mataifa Sita, muungano wa jamii sita za wenyeji, mwaka 1784. Kwa muda mrefu kilichosikika hapo ni maneno ya utambuzi wa ardhi. Mwaka 2023 kilitangaza kuwafutia ada wanafunzi wa Mataifa Sita ya Mto Grand na wa jamii ya Mississaugas of the Credit.

Palipotengwa nafasi na fedha, wajanja nao walifika. Miaka ya karibuni baadhi ya wasomi wenye vyeo wameshutumiwa kwamba walijiita wenyeji bila kuwa na ukoo wala jamii inayowatambua. Zamani ilitosha mwombaji kuweka alama kwenye fomu. Sasa vyuo kadhaa vinamtaka alete uthibitisho unaotoka kwa jamii anayoitaja, na jamii hiyo ndiyo yenye kusema kama inamjua au haimjui.