"Jalada halionekani": masjala inavyofanya kazi, na haki yako iliyomo ndani yake

Mzee mmoja, mkazi wa Pongwe hapa Tanga, alihangaikia barua yake ya kuthibitishwa kazini kwa miezi minane. Alikuwa amestaafu akiwa na miaka 60, mafao yake yamekwama kwa sababu ya karatasi hiyo moja, na kila alipofika kwenye ofisi aliyoitumikia alijibiwa kwa heshima zote: "Shikamoo baba. Bado, jalada halionekani." Anakaa kwenye benchi mpaka mchana, anapanda daladala, anarudi nyumbani.

Baadaye niliitwa kuisaidia ofisi hiyo, ambayo sitaitaja, kupanga upya masjala yake, yaani chumba kinachopokea barua na kutunza majalada. Jalada la mzee lilikuwepo. Tena yalikuwa mawili.

Jalada la kwanza, lile halisi, lilichukuliwa na afisa mmoja miaka mingi nyuma ili aandike dokezo, yaani maoni ya ndani ya ofisi kwa mkubwa wake. Afisa akahamishwa kikazi, kabati lake likafungwa, na funguo zikakabidhiwa bila orodha ya vilivyomo. Barua mpya za mzee zilipoingia, mtumishi wa masjala hakuwa na pa kuziweka, akafungua jalada la muda. Hilo si kosa, kwani utaratibu unaruhusu. Kosa ni kwamba jalada la muda linapaswa kuunganishwa na jalada halisi mara tu linapopatikana, na pale hakuna aliyelitafuta. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyehongwa. Ni mstari mmoja tu ambao haukuandikwa, wa kuonyesha jalada limekwenda kwa nani na tarehe gani.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu wananchi wengi wa Tanga ninaozungumza nao huamini jalada lisiloonekana limefichwa na mtu anayetaka chochote. Wapo wa namna hiyo, na wanastahili kushughulikiwa. Lakini kwa uzoefu wangu majalada mengi "yaliyopotea" yamo ndani ya jengo lilelile: kwenye droo, juu ya kabati, chini ya meza ya mtu aliye likizo. Kinachokosekana ni kumbukumbu ya mwendo wake.

Barua yako ikipokelewa hupigwa muhuri wa tarehe na kuandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia. Kisha huwekwa ndani ya jalada linalohusika na kupewa namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake ndani ya jalada hilo. Folio ndiyo roho ya kazi yetu. Folio ya 21 ikifuatiwa na ya 23, yeyote anayefungua jalada atajua kuna karatasi imetoka, na swali la nani kaitoa litaulizwa. Jalada lisilo na folio linaweza kunyofolewa nusu nzima na likaonekana zima. Jalada lolote likishanenepa hufungwa, na juzuu mpya hufunguliwa. Jalada linapotoka masjala kwenda kwa afisa, jina lake na tarehe huandikwa kwenye kadi, na afisa akitaka kumpa mwenzake ni lazima masjala ijulishwe. Hapo kwenye kupeana mkono kwa mkono ndipo majalada mengi hupotelea, na mara nyingi wanaofanya hivyo ni wakubwa wa ofisi, ambao mtumishi wa masjala anaona haya kuwauliza.

Sheria haimwachii mtumishi huyo mzigo peke yake. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, inamtaka mkuu wa kila ofisi ya umma ahakikishe kumbukumbu za ofisi yake zinatengenezwa na kutunzwa ipasavyo. Msimamizi wake kitaifa ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Hakuna ofisi inayoruhusiwa kuchoma wala kutupa majalada kwa sababu tu stoo imejaa. Uteketezaji una ratiba zake na idhini yake. Kumbukumbu zenye thamani ya kudumu huhamishiwa kwenye Nyaraka za Taifa, na kwa kawaida zikitimiza miaka 30 hufunguliwa kwa wananchi kuzisoma.

Huko kwenye Nyaraka za Taifa yamo majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Utawala huo ulikuwa wa mabavu, na mengi yaliyoandikwa humo yanaumiza kuyasoma. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baadaye mtafiti anaweza kuomba jalada kwa namba na akaletewa. Sisi tunashindwa kumletea mstaafu wetu barua yake. Kila nikifikiri hivyo nakosa raha.

Sehemu ya tatizo ni jinsi tunavyoitazama masjala. Nimesikia mara nyingi mtumishi akisemwa "kapelekwa masjala" kama vile kaadhibiwa. Wapo viongozi wanaompeleka huko yule waliyechoshwa naye, bila mafunzo, kwenye chumba cha mwisho cha jengo. Ilhali kazi hii inasomewa. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na hapa Tanga Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi. Kijana aliyefuzu huko anajua kupanga majalada kwa maneno ya msingi, anajua lipi linabaki na lipi linakwenda, na anajua kunyamaza, maana ndani ya jalada la mtumishi yamo magonjwa yake, talaka yake na adhabu zake. Mtu wa namna hiyo ni wa kuaminiwa kama mhasibu anavyoaminiwa na fedha.

Wengine huniambia mfumo wa e-Ofisi, unaopitisha barua na majalada ya serikali kwenye kompyuta, utamaliza haya yote. Naupenda mfumo huo, kwa sababu barua haiwezi kulala kwa mtu bila kuonekana imelala kwa nani. Ila ukiskani jalada lisilo na folio, umepata vurugu ileile ndani ya kompyuta. Na ninachokiogopa zaidi kwa sasa ni WhatsApp. Maelekezo ya kiserikali yanatolewa kwenye simu ya mtu binafsi, kazi inafanyika, simu inaharibika, na mwaka unaofuata hakuna jalada linaloweza kuonyesha nani aliamua nini.

Nawe mwananchi una sehemu yako. Peleka barua yako na nakala ya ziada, uombe nakala hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo uitunze wewe. Ukijibiwa, tazama juu ya barua palipoandikwa "Kumb. Na." Herufi za mwanzo huonyesha ofisi, tarakimu zinazofuata ni za jalada lenyewe, na ya mwisho mara nyingi ndiyo folio. Ukirudi kufuatilia, usianze na jina lako pekee, kwa kuwa kina Mohamed na kina Mwanaidi ni wengi Tanga hii. Taja namba hiyo. Ukiambiwa jalada halionekani, uliza kwa upole: kadi inaonyesha limechukuliwa na nani? Kwa taarifa za umma, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi siku 30 kujibu ombi lako la maandishi. Na kama ungali kazini, usisubiri ufikishe miaka 59. Kagua sasa kama barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa na za kupandishwa cheo zimo kwenye jalada lako.

Kwa wakuu wa ofisi hapa pwani nina ombi moja la haraka. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na karatasi inayokaa kwenye unyevu huota ukungu, kisha mchwa na panya humalizia. Masika huanza Machi. Kabla hayajafika, ingieni wenyewe kwenye stoo ya majalada na tochi. Angalieni paa na mabomba. Majalada yaliyorundikwa sakafuni yapandishwe kwenye rafu za chuma, zisiguse ukuta, na madirisha yafunguliwe mchana hewa ipite. Na funguo za yale makabati ya maafisa waliohama, zitafuteni.