Kwa nini jaribio la programu husomeka kama sentensi?

Kuna mama anayeuza ngege pale Dunga, Kisumu, niliyemtengenezea ukurasa wa kupokea oda. Kila asubuhi anajaza bei ya siku hiyo kwenye kisanduku, na programu inaongeza shilingi 50 za boda. Samaki wa 400 akatoka na jumla ya 40050!

JavaScript, lugha niliyoandikia programu hiyo, hupokea kilichojazwa kwenye kisanduku kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Alama ya kujumlisha ikikuta maandishi upande mmoja, haihesabu. Inabandika tu, 400 kisha 50. Na haisemi kitu. Ukurasa unafunguka, kitufe kinabonyezeka, mteja ndiye anashika kichwa.

Dawa ni jaribio, yaani msimbo mfupi unaopima kama programu inatoa jibu sahihi, linalojiendesha lenyewe kila msimbo wa programu unapoguswa:

describe("Jumla ya oda", () => {
  it("huongeza pesa ya boda kwenye bei ya samaki", () => {
    expect(jumla("400", 50)).toBe(450);
  });
});

Hii ni Jasmine, zana ya kuandikia majaribio iliyotoka 2010; Mocha ya 2011 inafanana nayo sana. Jaribio likianguka, linakuambia lilitarajia 450 likapata '40050'. Nami nikageuza bei iwe namba kwanza, Number(bei), basi.

Unganisha maneno yaliyo kwenye nukuu za describe na it, unapata sentensi. Lakini sentensi ya nini? Miaka ya mwanzo ya 2000, Dan North wa Uingereza alikuwa akifundisha waandishi wa programu, akaona neno "jaribio" linawatatiza: wapime nini, waanzie wapi, waliite nini. Akawaambia waulize swali jingine: programu inapaswa kutenda nini? Jibu ndilo jina la jaribio.

Kuna wanaopima utumbo wa programu, kama vile Number imeitwa mara ngapi. Kwangu hiyo ni kujitafutia kazi. Kesho ukitumia njia nyingine ya kugeuza namba, jaribio linaanguka na jumla iko sawa kabisa.

Mashine haijali maneno yaliyo kwenye nukuu ni ya lugha gani, kwa hiyo yangu nimeyaandika kwa Kiswahili. Siku moja nikamsomea mama, naye bado anaparua magamba: "Jumla ya oda huongeza pesa ya boda kwenye bei ya samaki."

"Na mtu akikuja kuchukua mwenyewe hapa?"

Sikuwa nimelifikiria. Jioni hiyo nikaandika: it("haidai pesa ya boda mteja akija mwenyewe"). Likaanguka papo hapo.