Uchumi sio kozi ya kutajirika
Hapa Lamu mtoto akisema ataka kusoma uchumi, barazani utasikia "mashallah, meneja wa benki huyo". Sio hivyo jamani. Kusi likivuma mashua hazitoki sana, samaki anapanda bei, sasa mtu wa uchumi anauliza mbona imepanda na nani atahamia maharagwe, wa fainansi, yaani elimu ya kusimamia pesa, yeye anauliza huyu nahodha akikopa anunue injini ile pesa itarudi lini na boti ikizama je. Na nyinyi mnaocheka falsafa eti ya wavivu, Adam Smith, anayeitwa baba wa uchumi, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili kule Glasgow, Scotland, tangu 1752. Wataka benki? Angalia fainansi au uhasibu, ila hesabu huzikwepi popote.