Keki ya friji isiyoona oveni

Kila Krismasi au Idd ikikaribia, wateja wangu huniuliza swali lilelile: nitengeneze kitindamlo gani leo, nikibebe kesho, nisishindie kwenye oveni? Huwa nawapa keki ya friji ya Wamarekani, ile ya zamani ya biskuti za chokoleti na krimu. Ina vitu vinne tu, na moto haupo kabisa. Wengi hudhani nawapa mchezo wa watoto mpaka waionje.

Wenyewe waliiita kwa jina la kabati la barafu. Kabla ya friji za umeme, nyumba za Marekani zilikuwa na kabati la mbao lililotandikwa bati au zinki kwa ndani, na muuza barafu alipita mitaani kuleta bonge jipya. Friji za umeme zilipoanza kuingia majumbani miaka ya 1920 (ile maarufu ya General Electric, mtambo wake wa duara umekaa juu ya kabati, ilitoka 1927), watengenezaji walizisindikiza na vijitabu vya mapishi, ili mama wa nyumba aone kwamba mashine ile ya bei mbaya ina kazi zaidi ya kupoza maziwa. Vitindamlo visivyopikwa vikashika kasi. Nabisco nao walikuwa wametoa biskuti nyembamba nyeusi za kakao mwaka 1924, Famous Chocolate Wafers, na baadaye maelekezo ya keki hii yakachapwa kwenye pakiti yenyewe. Vizazi kadhaa viliijua kutoka hapo: kwenye milo ya kanisani, sikukuu ya uhuru wao ya Julai, na zile shughuli ambazo kila familia inakuja na sahani yake. Biskuti hizo ziliacha kutengenezwa 2023. Keki haikufa, kwa sababu siri haiko kwenye pakiti ile.

Siri ni maji. Biskuti ikitoka kiwandani ni kavu kabisa, na krimu ya maziwa zaidi ya nusu yake ni maji. Ukivibananisha viwili hivyo mahali pa baridi, maji yanahama taratibu kutoka kwenye krimu kwenda kwenye biskuti. Biskuti inalainika, inavimba kidogo, inakuwa na mwili wa keki. Krimu nayo, ikipungukiwa maji, inakaza na kushikilia umbo. Ni biskuti iliyochovywa kwenye chai, ila uchovyaji wenyewe unachukua usiku kucha. Mapishi mengi husema muda wa saa 4 unatosha. Mimi sikubali. Baada ya saa 4 katikati ya biskuti bado panakwaruza chini ya jino. Ilaze usiku mzima, saa 12 hadi 24. Ndiyo maana inafaa shughuli: ukiitengeneza mapema inakuwa nzuri zaidi.

Kwa hiyo chagua biskuti kwa kuangalia itakavyokunywa. Iwe nyembamba, kavu, isiyopakwa kitu. Iliyofunikwa chokoleti haifai, mafuta yanazuia maji kupita. Zile za kubandikwa mbili-mbili na krimu katikati, kwangua kwanza ile krimu. Za tangawizi zilizo ngumu zinatoa ladha nzuri sana, ila zipe saa 24 kamili. Na ukikosa za chokoleti, chukua Marie, inayopatikana hata duka la kona. Marie ilizaliwa London mwaka 1874, Peek Freans walipoitengeneza kwa heshima ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi, na Wareno wana keki yao ya friji ya Marie zilizochovywa kwenye kahawa. Waaustralia nao hujenga ya kwao kwa biskuti za chokoleti, na kwao ni chakula cha Krismasi, msimu wa joto kali kama wetu.

Krimu: tafuta ya maziwa yenye mafuta asilimia 35 hivi. Chini ya 30 utaipiga hadi mkono ufe ganzi. Iwe imelala friji, na bakuli pamoja na mapigio vikae friza dakika 15, hasa ukiwa Dar mwezi Desemba. Chembe za mafuta zinatakiwa ziwe zimeganda kiasi ndipo zishikane kuzunguka mapovu ya hewa. Zikipata joto zinalegea na mapovu yanapasuka. Kwa mililita 500 za krimu, weka vijiko vitatu vya chakula vya sukari ya aisingi na kijiko kimoja cha chai cha arki ya vanila. Ukitaka, bana ya hiliki iliyosagwa. Mmarekani hataitambua, ila chokoleti na hiliki zinapendana. Acha kupiga krimu ikiwa bado laini, ncha yake ikiinuliwa inainama. Ikishasimama wima imekauka mno, na ukizidisha tena unapata siagi.

Wengi mjini tunatumia krimu ya mimea, ya boksi au ya unga. Hiyo ni ndugu wa Cool Whip, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1966 na kuwa mhimili wa vitindamlo hivi. Inavumilia joto kuliko ya maziwa, ila huwa imeshatiwa sukari, kwa hiyo usiongeze, na kwa uzoefu wangu inachelewa kulainisha biskuti. Nyunyizia kila biskuti tone la maziwa.

Kupanga ni kazi ya dakika 20. Paka kila biskuti kijiko cha chai kilichojaa, zipandishe tano au sita, kisha lalisha mnara huo ubavu kwenye sinia refu. Unganisha na mwingine, na mwingine, hadi gramu 250 za biskuti ziishe na upate gogo. Lipake krimu iliyobaki pande zote, funika bila kugusa juu, lirudishe friji. Siku ya kukata, chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, ukate mshazari, siyo wima: hapo ndipo mistari myeusi na myeupe inapojitokeza. Ukikata wima unapata biskuti moja na krimu, na wageni watakuuliza uzuri uko wapi.

Kuhusu kubeba. Krimu haitaki mchezo: nje ya friji isizidi saa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Weka sinia kwenye kasha la baridi lenye vipande vya barafu, na mwenyeji wako mwombe nafasi kwenye friji mapema, kabla soda hazijaijaza. Umeme ukikatika usiku, usifungue mlango kuchungulia. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa 4. Siku ya tatu keki bado inalika nyumbani, ila krimu huanza kuachia maji kwenye sinia, na mimi hapo siipeleki tena kwa watu.